Haki ya Tiba ya Msingi: Je, Kaya Yako Inaijua Sheria?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kunawa mikono, kuchemsha maji ya kunywa, chandarua, choo na malezi ya mtoto. Leo, kwa idhini ya Allah (s.w.), tunaingia katika jambo ambalo wengi wetu tunadhani ni la wabunge na mawakili peke yao, nalo ni sheria. Utajiuliza, sheria na homa ya mtoto wapi na wapi? Fuatana nami hadi mwisho, na ukimaliza uwasomee wa nyumbani kwako, kwani somo hili ni la kaya nzima.

Mama aliyesubiri mzigo

Usiku mmoja nikiwa zamu katika zahanati moja ya kijijini, upande wa machimbo, aliingia mama amembeba mgongoni mtoto wa miaka miwili. Mtoto alikuwa amekakamaa, macho yamegeuka juu, degedege limemshika. Homa ilikuwa ya siku ya nne. Baada ya kumhudumia na hali kutulia kidogo nilimuuliza mama yule kwa nini hakumleta siku ya kwanza. Alinijibu kwa sauti ya chini, "Sikuwa na hela, daktari. Nilikuwa namsubiri baba yake, mzigo wake haujapigwa karasha."

Baba alikuwa kwenye duara, anasubiri mawe yake yasagwe yaoshwe apate chochote. Mama alikuwa nyumbani anamsubiri baba. Malaria haikumsubiri yeyote kati yao. Alhamdulillah mtoto yule hakufa, lakini alibaki na udhaifu wa mkono wa upande mmoja.

Kinachoumiza zaidi ni hiki. Mtoto yule alikuwa chini ya miaka mitano. Kwa utaratibu uliowekwa na nchi, hakutakiwa kulipa hata senti moja. Mama hakujua, na hakuna aliyewahi kumwambia. Pale zahanati hapakuwa hata na karatasi ukutani inayosema nani alipe na nani asilipe. Hilo ni kosa letu sisi watoa huduma, na mimi nikiwemo.

Ndugu msomaji, elimu ni kinga. Ukiijua sheria, unatoka nyumbani na mgonjwa wako saa ya kwanza. Usipoijua, unakaa kusubiri mzigo.

Tulikotoka

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 Serikali ilichukua mwelekeo wa kupeleka huduma vijijini, na tiba katika vituo vya Serikali ikawa bila malipo. Mwaka 1977 ilitungwa sheria ya kudhibiti hospitali za binafsi, na tiba ya kibiashara ikapigwa marufuku. Mwaka mmoja baadaye, Septemba 1978, mataifa ya dunia yalikutana katika mji wa Alma-Ata, uliokuwa katika Muungano wa Kisovieti, yakatoa tamko kwamba afya ya msingi ndiyo njia ya kuwafikia watu wote. Kwa maneno mepesi, afya ya msingi ni ile huduma ya karibu na nyumbani kwako: chanjo, kliniki ya wajawazito, matibabu ya malaria na kuhara, maji safi, choo, lishe na elimu ya afya. Hospitali kubwa ni ya wachache watakaoshindikana hapo chini.

Lakini uchumi ulipodorora katika miaka ya 1980, zahanati zilibaki majengo. Dawa zikawa haba, watumishi wakakata tamaa. Mwaka 1991 sheria ile ya 1977 ikarekebishwa ili kuruhusu tena watu binafsi kufungua hospitali. Kuanzia mwaka 1993 ukaja utaratibu wa kuchangia gharama katika hospitali za Serikali. Hapo ndipo maskini alipoanza kupima: nimpeleke mtoto au ninunue unga?

Igunga, majirani zetu

Sasa tazama jinsi jambo lilivyoanzia karibu na sisi. Mwaka 1996, katika wilaya ya Igunga mkoani Tabora, jirani kabisa na Shinyanga, ulianzishwa kwa majaribio Mfuko wa Afya ya Jamii. Wazo lake lilikuwa jepesi na la busara. Mkulima ana fedha baada ya mavuno, lakini ugonjwa huja wakati wowote. Basi achangie mara moja kwa mwaka akiwa nazo, apewe kadi, na kaya yake itibiwe mwaka mzima bila kudaiwa mlangoni.

Jaribio lile ndilo lililozaa Sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii ya mwaka 2001. Katika miaka ile wilaya nyingi zilitoza kati ya shilingi 5,000 na 10,000 kwa kaya kwa mwaka. Serikali nayo iliongeza kiasi kilekile walichochanga wananchi, utaratibu uliojulikana kama "tele kwa tele". Yaani kaya 200 zikitoa shilingi 10,000 kila moja, zinapatikana milioni 2, na Serikali inatia milioni 2 nyingine. Milioni 4 katika zahanati ya kijiji si haba, zinanunua dawa nyingi.

Sheria ile haikumsahau fukara. Iliweka njia ya kumsamehe asiye na uwezo: serikali ya kijiji impendekeze, kamati ya afya ya kata imkubali, apewe kadi bila kuchangia. Ni wangapi miongoni mwetu waliwahi kusimama katika mkutano wa kijiji wakalitaja jina la mjane wa jirani ili apate kadi hiyo? Kila mmoja ajijibu mwenyewe.

Kwa nini haikutosha

Mfuko ulisaidia lakini haukufika tulikotaka, na ni vema tujue sababu zake ili tusirudie makosa.

Kwanza, kujiunga kulikuwa kwa hiari. Binadamu akiwa mzima husema "mimi siumwi", hununua kadi siku anapougua. Mfuko ukijaa wagonjwa watupu unakauka upesi, kama kisima ambacho kila mtu anachota na hakuna mvua.

Pili, mwanachama alifika na kadi yake akaambiwa dawa hakuna, akanunue dukani. Mwaka uliofuata hakurudi, na alimsimulia jirani naye akaacha.

Tatu, na hili linatugusa sana sisi wa ukanda wa dhahabu, kadi ya zamani kwa kawaida ilitumika katika kituo ulichojiandikisha. Mchimbaji leo yuko Mwakitolyo, mwezi ujao amesikia dhahabu imetoka Nyarugusu, baada ya hapo yuko Kakola. Kadi imebaki kijijini na yeye ameugua ugenini.

Mwaka 2018 mfuko ukaboreshwa. Kaya ya watu wasiozidi sita mikoani ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, na huduma zikapanda kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Piga hesabu: ni shilingi 5,000 kwa kila mtu kwa mwaka mzima. Wako wanaotumia zaidi ya hiyo kwa vocha za simu ndani ya mwezi mmoja.

Kwa upande wa majengo, Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 hadi 2017 uliweka lengo la zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Lengo lile halikukamilika, lakini wananchi wengi wa Shinyanga na Geita wanakumbuka walivyobeba mawe na mchanga kujenga boma la zahanati, kisha boma likakaa miaka likisubiri bati. Jengo bila mganga na dawa si zahanati, ni nyumba tupu.

Sheria ya mwaka 2023

Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulifikishwa bungeni mwaka 2022, ukaahirishwa kwa sababu ya maswali mengi, hasa namna ya kuwagharamia wasio na uwezo. Hatimaye ulipitishwa na Bunge mwezi Novemba 2023, ukawa sheria. Mambo makubwa ndani yake ambayo kila kaya inapaswa kuyajua ni haya:

1. Kila mkazi wa Tanzania Bara anatakiwa kuwa na bima ya afya. Si hiari tena kama ilivyokuwa katika mfuko wa 2001. Sababu yake umeshaiona: wazima na wagonjwa wakiwa pamoja ndipo mfuko unaposimama.

2. Mwajiri anawajibika kumwandikisha mfanyakazi wake na kupeleka michango.

3. Asiye na uwezo hatakiwi kuachwa. Sheria imeweka mfuko wa kuwagharamia, unaopata fedha kutokana na vyanzo mbalimbali zikiwemo kodi za baadhi ya bidhaa. Lakini lazima kwanza atambuliwe.

4. Kuna kitita cha msingi cha huduma ambacho kila mwanachama anastahili.

Sheria kupitishwa ni jambo moja na kuanza kufanya kazi kijijini kwako ni jambo jingine. Viwango vya michango na utaratibu wa kujiandikisha hupangwa na kubadilishwa kwa kanuni. Kwa hiyo usitegemee maneno ya kijiweni. Nenda zahanati au kwa mtendaji wa kijiji uulize: kiwango ni kiasi gani sasa, kadi inahesabu watu wangapi, na inafanya kazi katika vituo gani nikisafiri? Mwenye wake zaidi ya mmoja na watoto wengi aulize mapema, kwa sababu kadi ikiwa na kikomo cha watu, kadi moja haitawatosha wote. Uadilifu baina ya wake unaingia hata hapa. Haifai watoto wa nyumba moja watibiwe na wa nyumba nyingine wakae wakisubiri.

Je, bima si haramu?

Swali hili ninaulizwa sana msikitini baada ya sala ya Isha. Mimi ni tabibu niliyepita madrasa, si mufti, na fatwa ina wenyewe. Nitaeleza tu ninavyolifahamu, kisha muulize sheikh wako.

Wanazuoni wengi wa zama zetu wametofautisha bima ya kibiashara na bima ya kusaidiana. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lililo chini ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu, lilitoa uamuzi mwaka 1985 huko Jeddah. Lilikataza ile ya biashara kutokana na gharari iliyomo ndani yake, na likakubali ile ya kusaidiana, ambayo watu wanachanga kwa nia ya kubebana wala si kwa ajili ya faida ya kampuni. Mfuko wa umma wa afya, ambao hauna mwenye hisa anayegawana faida, uko karibu zaidi na hiyo ya pili. Wapo masheikh wenye wasiwasi juu ya mahali fedha za mifuko zinapowekezwa, na wasiwasi huo ni wa haki, tuufikishe kwa wahusika. Lakini tusiufanye kisingizio cha kumwacha mtoto afe kwa homa.

Tukirudi katika mafunzo ya dini yetu, Allah (s.w.) katika Surat al-Maida aya ya 2 ametuamrisha kusaidiana katika wema na uchamungu. Na katika Sahihi Bukhari na Muslim imepokewa habari ya kabila la Ash'ari, ambao chakula kilipowapungukia walikusanya kila walichonacho katika nguo moja kisha wakagawana sawasawa. Mtume (s.a.w.) aliwasifu sana kwa jambo hilo na akawahesabu kuwa ni watu wake. Hebu zingatia. Waliokuwa na kingi na waliokuwa na kichache wote walitia, na kila mmoja akapata sawasawa na mwenzake. Huo ndio moyo wa mfuko wa afya.

Wala kuchanga si kukosa tawakkul. Yule bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake ategemee, Mtume (s.a.w.) alimfundisha amfunge kwanza ndipo ategemee. Kadi ndiyo kamba ya ngamia wako. Kuhusu ramli na hirizi, hapo hatuna cha kujadili. Mpiga ramli anakula fedha ya dawa na anachafua imani yako, na katika mkoa wetu ramli imewahi kusababisha vikongwe wasio na hatia kuuawa. Ama tiba asili ya miti na mizizi, nayo ina sheria yake ya mwaka 2002 inayomtaka mtoa huduma asajiliwe. Mganga asiyetaka kusajiliwa, jiulize anaficha nini.

Nani hatakiwi kulipa?

Kata sehemu hii uibandike ukutani. Tangu uchangiaji ulipoanza, miongozo na Sera ya Afya imewasamehe makundi haya katika vituo vya Serikali:

- Mtoto aliye chini ya miaka mitano.
- Mama mjamzito, pamoja na huduma za kujifungua na kliniki.
- Mgonjwa wa kifua kikuu na wa ukoma.
- Anayeishi na virusi vya UKIMWI, kwa dawa na huduma zinazohusiana.
- Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo.
- Fukara aliyethibitishwa na uongozi wa kijiji au ofisa ustawi wa jamii.

Chanjo za watoto zinazotolewa katika mpango wa taifa nazo ni bure.

Ukikataliwa, usigombane na muuguzi dirishani. Huenda na yeye ameachiwa kabati tupu. Muulize kwa adabu mganga mfawidhi wa kituo. Asipokusaidia, nenda kwa kamati ya kituo, ambayo ndani yake wamo wananchi wenzako. Baada ya hapo yupo Mganga Mkuu wa Halmashauri, na kila halmashauri ina Bodi ya Afya. Andika tarehe, muda na ulichoambiwa. Malalamiko yenye tarehe hujibiwa upesi kuliko manung'uniko.

Na msamaha usiwe sababu ya kuchelewa. Mpeleke mtoto mara moja ukiona dalili hizi: ameshindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila anachopewa, ameshikwa na degedege, amelegea au hazinduki, au anapumua kwa shida mbavu zikiingia ndani. Hata kama mfukoni huna kitu, nenda. Mambo ya karatasi yatafuata.

Mchimbaji na haki zake

Ukanda wetu una utajiri. Mgodi wa Bulyanhulu uko Kahama, mgodi mkubwa wa Geita umekuwa ukizalisha tangu mwaka 2000, almasi ya Mwadui inajulikana tangu enzi za mkoloni. Pembeni mwa migodi hiyo wapo maelfu ya wachimbaji wadogo wanaoishi kwenye mabanda ya turubai, maji ya dimbwi na choo hakuna.

Sheria zinasemaje juu yao? Sheria ya Madini ya mwaka 2010, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na akubaliane na halmashauri husika. Fedha za namna hiyo zimejenga zahanati, vituo vya afya na madarasa katika maeneo kadhaa ya Geita. Mpango huo unajadiliwa na madiwani. Basi swali la kumuuliza diwani wako ni hili: mwaka huu kijiji chetu kimewekwa wapi katika mpango? Kama mnahitaji nyumba ya muuguzi kuliko uwanja wa mpira, semeni kabla ya kikao, si baada ya kikao.

Pili, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamtaka mwajiri kuchangia katika mfuko, ili mfanyakazi akiumia au akiugua kwa sababu ya kazi atibiwe na kulipwa fidia. Kijana unayeajiriwa na mwenye leseni, uliza kama umeandikishwa na udai mkataba wa maandishi. Dini yetu imesisitiza kuandika mapatano hata ya deni dogo, sembuse ya roho yako.

Tatu, vumbi la mawe huharibu mapafu na kufungua mlango wa kifua kikuu. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, ukapungua uzito na kutoka jasho la usiku, nenda ukapime makohozi. Vipimo na dawa zake havilipiwi. Ama zebaki, usiichome jikoni kwako. Moshi wake hauonekani vizuri lakini unaingia kwenye ubongo wa mtoto na wa kichanga kilicho tumboni.

Sheria inatudai na sisi

Tusiwe watu wa kudai tu. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inataka nyumba iwe na choo na taka zidhibitiwe, na ofisa afya ana mamlaka ya kukagua na kuchukua hatua. Hivi Muislamu anayestanji mara tano kwa siku anahitaji kweli askari wa kumwamrisha achimbe choo? Mtume (s.a.w.) alikataza kujisaidia njiani, kivulini na kwenye maji. Miaka 1,400 iliyopita tulishapewa sheria ya kuzuia kipindupindu, lakini kila mvua zikinyesha kambi za machimbo zinaugua. Birika la udhu lenye maji machafu nalo ni kosa. Misikiti ianze kwanza.

Kazi ya msikiti na madrasa

Waislamu wa zamani hawakusubiri. Nuruddin Zangi alijenga hospitali Damascus mwaka 1154. Sultani Qalawun akajenga kubwa zaidi Cairo mwaka 1284, ikatibu tajiri na maskini bila malipo. Zilisimama kwa wakfu, yaani mashamba na maduka yaliyowekwa ili mapato yake yaendeshe hospitali milele.

Hapa kwetu tumelalamika sana juu ya makubaliano ya mwaka 1992 kati ya Serikali na makanisa katika elimu na afya. Lalamiko hilo lina mahali pake. Lakini tuwe wakweli, wenzetu walikuwa na hospitali tayari, kama ile ya Sengerema. Sisi tulikuwa na nini cha kuleta mezani? Halmashauri inaweza kuingia mkataba wa huduma na kituo kisicho cha Serikali ambacho kimesajiliwa na kina sifa. Anayetaka kuingia mlango huo aje na zahanati.

Kabla ya zahanati, yapo madogo ambayo msikiti wowote wa Katoro, Kahama au Maganzo unaweza kuyaanza mwezi huu:

1. Imamu atenge dakika tano baada ya Ijumaa, mara moja kwa mwezi, mhudumu wa afya aeleze haki za msamaha na bima.

2. Kamati ya msikiti iorodheshe wajane, yatima na wazee wasio na uwezo, bila kubagua dini, na ipeleke majina kwa mtendaji wa kijiji kwa maandishi ili watambuliwe.

3. Kiwepo kikapu cha sadaka cha kulipia michango ya wasiojiweza. Kwa zaka, masheikh waelekeze namna ya kutoa isitoke nje ya mafungu manane ya Surat at-Tawba aya ya 60.

4. Waislamu, wanaume kwa wanawake, wagombee nafasi katika kamati za vituo vya afya. Kamati hizo ndizo zinazotazama dawa zilizoingia na fedha zilizotumika. Ukiacha kiti kitupu, usilie na aliyekikalia.

5. Walimu wa madrasa waulize kila mtoto mpya kadi yake ya chanjo.

Maswali ya kujipima

1. Taja makundi manne yasiyotakiwa kulipa katika kituo cha Serikali.
2. Kwa nini mfuko wa hiari hukauka, na sheria ya 2023 imejaribu kutibu tatizo hilo vipi?
3. Kuna tofauti gani kati ya bima ya kibiashara na ya kusaidiana?
4. Nani mwenyekiti wa kamati ya zahanati ya kijijini kwako? Kama humjui, hilo ndilo zoezi lako la wiki hii.

Ndugu msomaji, sheria ni karatasi. Haitembei kwa miguu yake mpaka kwenye banda la turubai kumwamsha mama na kumwambia "mbebe mtoto twende". Anayeweza kufanya hivyo ni wewe uliyesoma. Kama una jirani mwenye mtoto mdogo na mume yuko kwenye duara, mpelekee habari hii leo kabla ya Magharibi. Nakumbuka mkono wa yule mtoto kila ninapoandika juu ya jambo hili, na ninamwomba Allah asiniandikie ukimya wangu wa siku zile.

Wiki ijayo, inshaallah, tutazungumzia maji ya kisima cha msikiti na namna ya kuyatibu. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.